MTOTO ALIYEZALIWA MDOGO SANA NA MOYO WA MAMA YAKE

Maelezo kwa wakaaji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi

Katika mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni mpaka Umoja, Dandora na Kayole, akina mama hupanga mstari penye zahanati ili watoto wao wapimwe uzito. Mtoto hutiwa katika mizani, muuguzi husoma namba, na namba hiyo huandikwa katika kitabu cha mama na mtoto. Kazi hii ni njema sana, nayo imeokoa watoto wengi. Walakini liko jambo moja ambalo mizani haiwezi kulipima, nalo ni hali ya moyo wa yule mama aliyemleta mtoto. Makala haya yataeleza kwa nini jambo hilo lina maana kubwa, hasa mtoto akiwa alizaliwa mdogo sana, na kwa nini mtu amwulizaye mama, "Na wewe mwenyewe u hali gani?" humsaidia mtoto pia.

MTOTO MDOGO NI YUPI?

Mimba ya mwanadamu huchukua wiki 40 hivi. Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, na watu wengi humwita mtoto njiti. Hali kadhalika mtoto ambaye uzito wake umepungua kilo 2 na nusu huhesabiwa kuwa mdogo. Akipungua kilo 1 na nusu ni mdogo sana. Na akipungua kilo 1 ni mdogo mno. Ili msomaji apate kufahamu vema, na akumbuke ile pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 inunuliwayo dukani. Mtoto mdogo sana ni mwepesi kuliko pakiti hiyo.

Wako watoto waliozaliwa wadogo kwa sababu walitoka mapema, na wako wengine waliotimiza miezi yao lakini hawakupata chakula cha kutosha tumboni. Sababu zake ni nyingi: shinikizo la damu la mama kupanda, malaria na maradhi mengine, upungufu wa damu, mimba ya mapacha, mama kuwa mchanga mno wa umri, au kuzaa upesi upesi bila kupumzika. Tena mara nyingi daktari hutafuta sababu asiione. Jambo la kushika ni hili: mtoto kuzaliwa mdogo si adhabu, wala si kazi ya jicho la jirani, wala si alama ya kuwa mama alitenda uovu. Mama anayeambiwa maneno kama hayo hubebeshwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mtoto huyu ana shida zake. Hana mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo hupoteza joto upesi. Mapafu yake huenda hayajakomaa. Akiwa amezaliwa mapema sana hajui bado kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa utaratibu mmoja, basi hulishwa maziwa ya mama yake kwa mpira mwembamba au kwa kikombe kidogo. Maradhi humwingia kwa urahisi. Kwa sababu hizo huwekwa hospitali siku nyingi, pengine wiki nyingi, mpaka apate nguvu.

HOSPITALI YA PUMWANI

Wakaaji wa mitaa hii wanaijua sana Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Ilianza mwaka wa 1926 kama nyumba ndogo ya kuzalia, ikaitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana wa Kenya wa siku zile. Baadaye iliingia mikononi mwa Baraza la Mji, na leo iko chini ya Kaunti ya Nairobi. Hospitali hii imekua ikawa miongoni mwa hospitali kubwa za uzazi katika Afrika kusini ya Sahara, na watu wazima wengi wa Nairobi huweza kusema ya kuwa walizaliwa hapo.

Mwaka wa 2019 ilifunguliwa hapo Pumwani benki ya maziwa ya mama, ya kwanza katika Kenya. Mama mwenye afya aliye na maziwa ya ziada hupimwa damu yake, hukamua maziwa, nayo hupashwa moto kwa kipimo ili kuua vijidudu, kisha hupewa watoto wadogo ambao mama zao ni wagonjwa, au wamefariki, au maziwa yao hayajatoka. Huo ni ushirika mwema, kwani maziwa ya mwanadamu humkinga mtoto njiti na maradhi ya matumbo kuliko maziwa ya kopo.

Lakini fikiri, msomaji, hali ya mama ambaye mtoto wake yuko wodini. Aliingia hospitali akitumaini kutoka na mtoto mikononi. Sasa anatoka mikono mitupu, au analala hapo akimtazama mtoto wake katika sanduku la kioo lenye joto, mipira ikiwa puani. Kila mlio wa mashine humshtua. Pengine kitanda cha jirani kimekuwa kitupu asubuhi, naye anajua sababu yake. Huogopa kumpa mtoto jina, huogopa kununua nguo, huogopa hata kumpenda, asije akampoteza. Akirudi mtaani watu humwuliza, "Mtoto yuko wapi?" naye hana jibu jepesi. Ni ajabu gani basi moyo wake ukilemewa?

HUZUNI YA KAWAIDA NA UGONJWA WA HUZUNI

Yafaa kutofautisha mambo matatu, maana watu huyachanganya.

La kwanza ni majonzi ya siku za mwanzo. Wanawake wengi, siku chache baada ya kuzaa, hulia bila sababu na kukasirika upesi. Hali hii hupita yenyewe kabla ya wiki 2 kutimia, nayo si ugonjwa.

La pili ni ugonjwa wa huzuni, ambao katika Kiswahili cha waganga wa siku hizi huitwa sonona. Huu haupiti kwa siku chache. Mama hukosa furaha katika mambo yote; hawezi kulala hata mtoto akiwa amelala, au hulala mno; chakula hakimwendei; hujiona hafai, ya kuwa yeye ni mama mbaya; huogopa pasipo kiasi; huchoka kabla ya kazi; hujitenga na watu. Wengine hawasemi neno la huzuni kabisa, bali hulalamika kichwa, mgongo, au mapigo ya moyo, wakapewa dawa za maumivu mara kwa mara bila kupona. Wengine hufikiri ya kuwa ingekuwa heri wasingaliishi. Shirika la Afya la Dunia limeeleza ya kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya moyo na akili baada ya kuzaa, hasa ugonjwa huu wa huzuni. Mama aliyezaa mtoto kabla ya wakati yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake aliyetimiza miezi.

La tatu ni kuchafukwa na akili, nako hutokea kwa nadra, mara nyingi katika wiki 2 za kwanza. Mama hakai kitandani usiku kucha, maneno yake hayaunganiki, husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au husema ya kuwa mtoto si wake. Hii ni hatari ya saa ile ile. Mama apelekwe hospitali bila kungoja kesho, wala asiachwe peke yake na mtoto.

Wako watu wasemao ya kuwa maradhi haya ni ya Wazungu, na mwanamke wa Kiafrika hayajui. Maneno hayo si kweli, na ushahidi wake uko karibu nasi. Katika miaka ya 1970 daktari John Cox alifanya kazi Uganda, akawachunguza wanawake wenye mimba na waliozaa katika kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala. Aliona ya kuwa mwanamke mmoja hivi katika kila 10 alishikwa na ugonjwa wa huzuni baada ya kuzaa. Tena Waganda walikuwa na jina lao la kale la kichaa cha uzazi, yaani amakiro, na wazee wengi waliuhusisha ugonjwa huo na uzinzi wakati wa mimba. Basi watu waliujua ugonjwa tangu zamani. Walichokosa ni kuueleza bila kumlaumu mgonjwa.

Daktari huyo aliporudi Uingereza, yeye na wenzake wawili walitunga maswali 10 mafupi, yakachapishwa mwaka wa 1987, na leo yanatumika katika nchi nyingi na lugha nyingi. Jina lake limetokana na mji wa Edinburgh. Mama huulizwa habari za siku 7 zilizopita: je, ameweza kucheka? Ametazamia mambo kwa furaha? Amejilaumu pasipo haja? Ameogopa bila sababu? Swali la mwisho huuliza kama amewaza kujidhuru. Kila jibu lina alama tangu 0 mpaka 3, na jumla kubwa ni 30. Maswali haya hayahitaji mashine wala maabara. Yanahitaji dakika chache na mtu wa kusikiliza.

JINSI MOYO WA MAMA UNAVYOMFIKIA MTOTO

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mtoto mchanga hajengwi kwa maziwa pekee. Ubongo wake hukua kwa haraka sana katika miezi ya mwisho ya mimba na miaka ya kwanza ya maisha, nao hukua kwa kutumiwa: mtoto hutazama uso, uso humtazama; hutoa sauti, sauti humjibu; hulia, mkono humchukua. Mazungumzo hayo yasiyo na maneno hurudiwa mara nyingi kila siku, na kwa hayo mtoto hujifunza ya kuwa dunia ina mtu wa kumjibu.

Mwaka wa 1978, katika nchi ya Marekani, bwana Edward Tronick na wenzake walichapisha habari za jaribio moja. Mama alicheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha kwa muda mfupi akaambiwa amtazame bila kucheka, bila kusema na bila kusogeza uso. Mtoto alijaribu kumwita mama kwa macho na tabasamu. Alipoona hajibiwi aligeuza uso na kufadhaika. Muda mfupi tu kama huo ulitosha kumtaabisha.

Sasa mama mwenye ugonjwa wa huzuni anapenda mtoto wake kama mama mwingine yeyote, lakini ugonjwa umemfunga uso na sauti. Na mtoto njiti naye ana udhaifu wake: hulala sana, kilio chake ni kidogo, hugeuza macho upesi kwa kuwa huchoka na mwanga na kelele, hunyonya kidogo kisha husinzia. Mama akiona hivyo hudhani ya kuwa mtoto hampendi, au ya kuwa yeye hajui kulea. Huzuni yake huongezeka, naye huzidi kunyamaza. Mtoto akikosa kuitwa huzidi kusinzia. Ndivyo wawili hao wanavyozungukana, kila mmoja akimdhoofisha mwenziwe pasipo kosa la mmoja wao. Mwisho wake waweza kuonekana katika mizani: mtoto haongezeki uzito. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2016 kwa akina mama wa mtaa wa watu maskini hapa Nairobi ulionyesha ya kuwa zaidi ya robo yao walikuwa na dalili za ugonjwa huu, na watoto wao walielekea zaidi kuwa na uzito mdogo kuliko watoto wa wenzao.

Asidhani mtu ya kuwa twasema mama ndiye aliyemharibu mtoto. La, hasha. Watoto wadogo wengi hukua vizuri, na mtoto hupata nafuu mama anapopata nafuu. Tunalosema ni kwamba kumtibu mama ni sehemu ya kumtibu mtoto, kama vile joto na maziwa yalivyo sehemu ya matibabu.

KUMBEBA MTOTO KIFUANI

Iko njia moja ambayo humsaidia mtoto na mama pamoja, nayo haihitaji fedha nyingi. Mwaka wa 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona hospitali yake imejaa watoto wadogo kuliko masanduku ya joto yaliyokuwapo. Akawaamuru akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Kwa kuwa mnyama aitwaye kangaruu hubeba mtoto wake katika mfuko wa tumbo, njia hiyo ikaitwa malezi ya kangaruu.

Watu wengine walidhani ni njia ya maskini tu. Baadaye ilijaribiwa kwa uangalifu katika hospitali za nchi 5, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako hospitali ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ilishiriki. Walihesabiwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 mpaka kilo 1.8 hivi. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 2021: katika watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28, na katika wale waliongoja mpaka hali yao itulie walikufa karibu 16 katika kila 100. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya la Dunia likatoa shauri ya kuwa mtoto mdogo aanzishwe njia hii mapema iwezekanavyo, saa 8 mpaka 24 kila siku, isipokuwa yule asiyeweza kuvuta pumzi mwenyewe au aliyezidiwa sana. Tena wale wa Bogotá walifuatwa mpaka walipotimiza miaka 20, ikaonekana ya kuwa waliobebwa kifuani walikosa shule kwa nadra zaidi, na ukali wao ulikuwa haba kuliko wa wenzao.

Namna ya kumbeba ni hivi. Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi. Awekwe wima katikati ya matiti, kifua juu ya kifua, kichwa kimegeuzwa upande mmoja ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha afungwe kwa leso imara isiyolegea, na mama avae blauzi au sweta juu yake. Mama aweza kutembea, kukaa, na kulala akiwa ameegemea mito. Akichoka, baba naye ana kifua, na bibi pia. Mtoto akiwa hapo husikia mapigo ya moyo anayoyajua tangu tumboni. Mama naye huona ya kuwa mikono yake ina kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya. Akina mama wengi hupata hapo imani ya kwamba mtoto huyu ni wao kweli.

Kuna onyo moja kwa wakaaji wa nyumba za chumba kimoja. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, wako wazazi wanaomtia mtoto joto kwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Jambo hili limeua watu wengi, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Joto la kifua latosha.

USIMLINGANISHE NA MTOTO WA JIRANI

Mahali ambapo nyumba zimebanana na akina mama hufua nguo penye mfereji mmoja, watoto hulinganishwa kila siku. "Wangu anakaa, wako mbona bado?" Neno hilo dogo limewaliza wengi. Mama wa mtoto njiti yampasa ajue hesabu hii: umri wa mtoto wake huhesabiwa tangu siku ambayo angetazamiwa kuzaliwa, wala si tangu siku aliyozaliwa. Kwa mfano, mtoto aliyezaliwa wiki 10 kabla ya siku yake, akitimiza wiki 26, yaani miezi 6, atazamwe kama mtoto wa wiki 16. Mtoto wa wiki 16 hakai, na hakuna mtu anayemlaumu. Hesabu hii hufuatwa mpaka mtoto apate miaka 2.

Hata hivyo mama asikae kimya akitegemea hesabu pekee. Watoto waliozaliwa wadogo sana wanahitaji kuangaliwa macho katika wiki za kwanza, kwa kuwa mishipa ya jicho huweza kukua vibaya na kuleta upofu ambao ungezuilika. Yafaa pia wapimwe masikio. Mtoto akiwa mkakamavu mno au mlegevu mno, akiwa hatazami uso, hashtuki kwa sauti, au hatumii mkono mmoja, apelekwe kliniki mapema. Mazoezi yakianza mapema huleta faida kubwa.

MATIBABU YA MAMA

Habari njema ni kwamba ugonjwa wa huzuni hutibika. Katika vijiji vya Rawalpindi nchini Pakistan, daktari Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wanawake wahudumu wa afya wa kawaida namna ya kuwatembelea akina mama waliokuwa na ugonjwa huu tangu mimba, kuzungumza nao, kugeuza mawazo ya kukata tamaa, na kupanga nao hatua ndogo ndogo. Mwaka wa 2008 walitangaza matokeo: mtoto alipofikisha miezi 6, waliobaki na ugonjwa walikuwa 23 katika kila 100, hali katika akina mama waliotembelewa bila mafundisho hayo walikuwa 53 katika kila 100. Karibu na kwetu, katika nchi ya Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwaketisha bibi wazee penye mabenchi nje ya zahanati za mtaa wa Mbare, mjini Harare, ili wawasikilize watu waliolemewa na mawazo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha ya kuwa waliosaidiwa kwa njia hiyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao.

Ugonjwa ukiwa mkali daktari huweza kutoa dawa, na ziko dawa ambazo mama anayenyonyesha aweza kuzitumia chini ya uangalizi wake. Mama asizinunue mwenyewe, wala asiziache ghafla.

Wengine huogopa kusema kwa sababu ya jina la Mathari. Hospitali hiyo, iliyoanza mwaka wa 1910, imetajwa mitaani kwa dhihaka kwa muda mrefu, hata mtu akikasirika humwambia mwenziwe akapimwe Mathari. Dhihaka hiyo huwafungia wagonjwa mlango. Tena wengi wa akina mama tunaowataja hawahitaji kulazwa popote. Huanza kwa muuguzi wa kliniki ile ile ambako mtoto hupimwa, au kwa mhudumu wa afya ya jamii apitaye nyumba kwa nyumba.

SHAURI LETU

Kwa mama: 1. Mwambie muuguzi hali yako kama unavyomwambia habari za homa ya mtoto. 2. Lala mtoto anapolala; vyombo vitangoja. 3. Sema na mtoto, mwimbie, mwite kwa jina, hata kama hajibu, anasikia. 4. Kubali msaada wa chakula na kufuliwa bila kuona haya. 5. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwite mtu saa ile ile na uende hospitali.

Kwa baba: Mtoto huyu si kazi ya wanawake peke yao. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki 2 yenye mshahara, na mama miezi 3. Lakini mtoto mdogo sana aweza kumaliza sehemu kubwa ya miezi hiyo akiwa angali wodini, basi panga na mkeo na msimamizi wako mapema. Fika hospitali, mbebe mtoto kifuani, ujue maneno ya daktari mwenyewe. Mkeo akinyamaza siku nyingi usimwite mvivu. Mwulize, kisha fuatana naye kliniki.

Kwa jirani na jamaa: Zamani mama aliyezaa alizungukwa na mama yake, shangazi na wake wenza wa ukoo, akapikiwa uji na kuogeshewa mtoto. Mjini bibi yuko mbali bara, na mlango wa chumba hufungwa asubuhi mume aendapo viwandani. Chukueni nafasi ya wale walio mbali. Chote maji, peleka uji, mshikie mtoto saa moja mama alale. Usiulize mtoto ana kilo ngapi. Uliza mama amekula nini.

Kwa wote: Mtoto akikataa kunyonya, akiwa baridi miguu na tumbo, akihema mbio, akigeuka rangi ya bluu au ya manjano, akishikwa na degedege, asingojewe. Apelekwe hospitali akiwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto njiani.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hilo husemwa kwa mama, lakini mama naye analelewa: na mume wake, na jamaa zake, na mtaa wake. Tunatumaini ya kuwa kila msomaji wetu wa mitaa ya mashariki anamjua mama mmoja mwenye mtoto mdogo sana. Na afike kwake juma hili, abishe hodi, aketi, asikilize.